Mswaki wa Daktari Kirk

Wakristo wa Unguja tumezoea kumkumbuka Daktari John Kirk kwa jambo moja. Mwaka 1873, akiwa mwakilishi wa Uingereza, alimbana Sultani Barghash hadi akatia sahihi mkataba uliofunga soko la watumwa la Mkunazini, mahali lilipo Kanisa Kuu letu leo. Lakini Kirk alikuwa kwanza tabibu, aliyesomea Edinburgh, na kabla ya kufika Unguja mwaka 1866 alisafiri na David Livingstone katika nchi za Zambezi. Kisa cha mswaki ni cha huko.

Wawindaji wa huko walipaka mishale yao sumu ya mmea utambaao uitwao kombe. Walikata nyama iliyozunguka jeraha, wakaitupa, na iliyobaki wakaila bila kudhurika. Kirk alitia sumu hiyo mfukoni pamoja na mswaki wake. Siku moja, akisafisha meno, alisikia uchungu mdomoni, kisha akaona mapigo ya moyo wake yamepungua. Mwingine angeutupa mswaki na kumshukuru Mungu kwa kupona. Yeye alitaka kujua sababu.

Huko Edinburgh, Thomas Fraser aliuchunguza mmea huo akapata dawa iitwayo strofanthini. Kwa kipimo kidogo, moyo uliochoka hupiga kwa nguvu na kwa utulivu. Kipimo kikizidi, moyo husimama. Tena utumbo huinyonya kidogo sana, na ndiyo maana wawindaji walikula nyama wakabaki wazima. Kwa hiyo mwaka 1906 daktari Mjerumani, Albert Fraenkel, alianza kuwadunga wagonjwa mshipani.

Dawa nyingi tunazomeza sisi hunyonywa utumboni, zikapita kwenye ini, ambalo huzivunjavunja, ndipo zikasambaa na damu. Figo hutoa mabaki kwa mkojo. Tunapoambiwa kimoja asubuhi na kimoja jioni, kidonge cha jioni kinafidia kile ambacho ini na figo zimekwisha kuondoa.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu alisahau vidonge vya presha siku tatu, akavimeza vyote Jumapili asubuhi ili awe sawa kabla ya ibada. Alianguka mlangoni mwa kanisa. Baadhi yetu tulisema ni pepo, tukaanza kukemea, hadi mjukuu wake alipotoa pakiti tupu mfukoni mwa babu. Alipelekwa hospitali akapona, nasi tuliona haya. Hata Paulo, alipomshauri Timotheo atumie mvinyo kwa ajili ya tumbo, alisema kidogo.

Kirk alikuwa na nyumba na bustani Mbweni, jirani na misheni iliyowapokea watumwa waliowekwa huru. Jina lake limo vitabuni, na la Fraser pia. Wawindaji waliojua kuipika sumu ile, na kujua ni nyama ipi itupwe, hatuna jina la hata mmoja wao.