Dawa za kiungulia zaweza kudhoofisha dawa nyingine

Vidonge vya kutuliza kiungulia, vya kuongeza damu na vya kuimarisha mifupa hununuliwa bila cheti cha daktari, na wengi huviona kuwa havina madhara. Hata hivyo, vikimezwa pamoja na baadhi ya dawa, vyaweza kuzifanya zisifanye kazi ipasavyo.

Chanzo ni madini. Dawa nyingi za kiungulia zina aluminiamu, magnesiamu au kalsiamu, na vidonge vya kuongeza damu vina madini ya chuma. Madini hayo hushikamana na dawa nyingine tumboni, na utumbo hushindwa kuifyonza. Dawa hutoka na choo badala ya kuingia katika damu.

Dawa za VVU

Miongoni mwa dawa zinazoathirika ni dolutegravir, ambayo mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani, WHO, liliipendekeza kuwa chaguo la kwanza la tiba ya VVU. Kiwango chake katika damu kikishuka, virusi huweza kuongezeka tena na hata kujenga usugu.

Inapaswa kumezwa saa 2 kabla ya dawa ya kiungulia yenye aluminiamu au magnesiamu, au saa 6 baada yake. Kwa mfano, anayemeza dolutegravir saa 3 usiku asitumie dawa hiyo ya kiungulia kuanzia saa 9 alasiri hadi saa 5 usiku.

Vidonge vya chuma au kalsiamu vyaweza kumezwa pamoja na dolutegravir iwapo mgonjwa anakula wakati huo huo. Asipokula, afuate muda ule ule. Jambo hili humhusu hasa mama mjamzito anayepewa vidonge vya chuma kliniki.

Dawa nyingine

Antibayotiki ya ciprofloxacin nayo humezwa saa 2 kabla ya madini hayo au saa 6 baadaye. Doxycycline itenganishwe nayo kwa saa 2 hadi 3. Tetrasaiklini isimezwe hata kwa maziwa, kwani yana kalsiamu. Levothyroxine, dawa ya tezi ya shingo, huhitaji nafasi ya saa 4.

Mgonjwa asiache dawa aliyoandikiwa kwa hofu. Amtajie daktari au mfamasia kila kidonge anachotumia, hata kile alichojinunulia dukani, ili apangiwe saa za kumeza.