Guangzhou katika Historia ya Nusukaputi

Historia ya nusukaputi, yaani usingizi mzito anaotiwa mgonjwa ili apasuliwe bila kusikia maumivu, kwa kawaida huanzia Boston, Marekani, ambako William Morton alionyesha hadharani matumizi ya etha tarehe 16 Oktoba 1846; hata hivyo, Guangzhou, bandari ya kusini mwa China ambayo wageni waliiita Canton, nayo ina nafasi yake katika historia hiyo.

Novemba 1835, Peter Parker, daktari na mmisionari kutoka Marekani, alifungua mjini humo hospitali ya macho, ambayo haikuchukua muda kabla ya kupokea pia watu wenye uvimbe mkubwa. Kwa kuwa dawa ya kumlaza mgonjwa ilikuwa bado haijapatikana, upasuaji ulifanywa mgonjwa akiwa na fahamu zake zote, na huruma kubwa ambayo daktari aliweza kumwonyesha ilikuwa kuharakisha kisu. Mwaka 1836 kijana mmoja alikatwa mkono kuanzia begani katika hali hiyo. Mchoraji Lam Qua aliwachora wagonjwa wengi wa Parker, na katika picha hizo, ambazo zaidi ya 80 zimehifadhiwa Chuo Kikuu cha Yale, uvimbe unaonekana waziwazi, ilhali nyuso zimetulia.

Wakati huohuo, mji ulikuwa umejaa afyuni, utomvu wa mpopi unaotuliza maumivu lakini humfanya mtumiaji awe mtumwa wake. Mwaka 1839 Lin Zexu, mjumbe maalumu wa mfalme, aliharibu shehena za afyuni hiyo huko Humen, vita na Uingereza vikafuata, na hospitali ikafungwa hadi 1842.

Mwaka 1847, takriban mwaka mmoja tu baada ya Boston, Parker alitumia etha, kimiminika ambacho mvuke wake, ukivutwa, hupita mapafuni na kuingia katika damu hadi kwenye ubongo, ukazima fahamu kwa muda. Klorofomu ilifuata baadaye kidogo. Kwan Ato, mpwa wa Lam Qua, alijifunza upasuaji kwa Parker na kuwa miongoni mwa Wachina wa kwanza kuumudu ufundi huo wa Kimagharibi.

Kwa hiyo Guangzhou inastahili kukumbukwa si kwa afyuni peke yake, bali pia kwa wagonjwa waliostahimili kisu wakiwa macho, na kwa matabibu waliojifunza kwamba kitulizo cha maumivu huwa tiba pale tu kinapotolewa kwa kipimo na chini ya uangalizi.