Kabla ya kubomoa, mwiteni guka

Nimekulia Ruiru, na kwa muda mrefu nilidhani nyumba huanza na lori. Lori linamwaga mawe, fundi anakuja, mjengo unaanza. Kumbe kabla ya lori kuna kuari kule Ndarugo, upande wa Juja, na huko ndiko guka wangu alikomaliza ujana wake na nyundo na tindo.

Nilimuuliza, "Guka, nani alikufundisha?" Akacheka. Alikaa karibu na mzee mmoja, basi. Kwanza alipanga mawe tu. Halafu akajua kuligonga jiwe na kusikiliza: zima linalia, lenye ufa linanyamaza. Hana cheti hata kimoja.

Na huo ndio mtindo wa kale wa huku kwetu. Jomo Kenyatta aliandika mwaka 1938 kwamba nyumba ya Mgikuyu ilijengwa kwa siku moja, na moto uwashwe ndani siku hiyohiyo. Wanaume miti na paa, wanawake nyasi na kukandika. Sasa hebu fikiria mtoto aliyeona hiyo kazi mara ishirini kabla hajaoa. Hiyo ni shule, hata kama haina kengele. Halafu ikaja Hali ya Hatari. Kuanzia 1954 zaidi ya watu milioni moja wa Mlima Kenya wakasukumwa kwenye vijiji vya lazima, na nyumba walizoacha nyingi zikachomwa. Waliendelea kujenga, lakini kwa amri na chini ya bunduki.

Wengine wamejaribu kurudisha ufundi uliopotea. Unguja, Mji Mkongwe, kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa. Ukizikandika saruji, unyevu unafungiwa ndani na ukuta unaoza polepole. Miaka ya 1990, wakfu wa Aga Khan ulipokarabati jengo la Old Dispensary, lililokamilika 1894, mafundi wa pale walijifunza upya kazi ya chokaa kwa kuishika, juu ya ukuta wenyewe. Jengo likapona, na mikono ikabaki na ujuzi.

Sasa mimi nauliza: Thika na Ruiru tunangoja nini? Mashamba ya kahawa yanageuka estate kila siku, na nyumba za mawe za zamani zinaangushwa asubuhi moja. Mwenye plot ana haki yake, sibishi. Lakini kabla ya tingatinga, wape wanafunzi wa uashi wa hapa Thika muhula mmoja waitengeneze, na wazee wa kuari walipwe kama walimu. Walipwe, si kupewa chai na picha.

Jumamosi nilimwomba guka anionyeshe. Nimeharibu mawe manne. La tano amelikubali, akaligeuza, akasema, "Huu upande uangalie ndani, watu wasiuone."