Dakika ya kwanza ya mtoto: historia fupi ya ambu, na swali kwa sisi watu wa Lulimba

Mimi ni mtu wa mihogo na udongo, si mtu wa sindano. Lakini leo naleta historia ya materniti, juu ndani yake kuna somo kwa kila mwenye lisanse ambaye siku moja ataombwa kupanga semina.

Tuanze na mtoto mwenyewe. Tumboni anapata oksijeni kwa njia ya kitovu, na mapafu yake yamejaa maji. Akitoka, lazima maji yapishe hewa, na haraka. Kwa watoto 100, karibu 85 wanaanza kupumua wenyewe. Karibu 10 wengine wanaanza wakipanguswa vizuri na kusuguliwa mgongo. Kati ya 3 na 6 hivi watahitaji kusukumiwa hewa kwa ambu na maski. Wanaohitaji mambo makubwa zaidi, kama mpira kooni, dawa, au kukandamizwa kifua, hawafiki hata 1 kwa 100.

Kwa hiyo tukisikia "reanimasio", tusifikirie tu chumba chenye mashine zinazolia usiku kucha. Chumba hicho kinahitajika, tena sana, kwa mtoto aliye mahututi. Lakini anafika huko akiwa hai kama kuna mtu aliyefanya kazi yake ndani ya dakika ya kwanza.

Zamani, karibu dunia nzima, mtoto asiyelia alining'inizwa kichwa chini, alipigwa makofi, au alimwagiwa maji baridi. Watu walifanya walichojua. Mara nyingi macho yote yalikuwa kwa mama, na mtoto aliwekwa pembeni.

Mwaka 1952 daktari mmoja wa usingizi huko New York, Virginia Apgar, alitoa wazo dogo: mtazame mtoto kwa mambo matano, yaani rangi ya mwili, mapigo ya moyo, namna anavyostuka, nguvu ya viungo na kupumua, kisha kila jambo ulipe alama 0, 1 au 2. Aliliandika katika jarida mwaka 1953. Ndiyo ile "Apgar" ambayo wakunga wetu wanaiandika kwenye fishi mpaka leo. Haikuwa dawa. Ilimlazimisha mtu kumgeukia mtoto mara moja.

Mwaka huo huo wa 1952 polio iliingia Copenhagen, Denmark. Wagonjwa walishindwa kupumua, na mashine zilikuwa chache mno. Daktari Bjørn Ibsen aliomba watu wasukume hewa kwa mkono, na wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu pembeni ya vitanda, wakiminya mfuko usiku na mchana. Wengi wanahesabu hapo kuwa ndipo uangalizi wa wagonjwa mahututi ulipozaliwa. Kumbe ulianza na vidole vya wanafunzi! Mwaka 1956, palepale Denmark, Henning Ruben na Holger Hesse wakatoa mfuko unaojijaza wenyewe ukiuachia, bila chupa ya gesi. Jina lake ni hilo tunalolitumia: Ambu.

Kulibaki shaka moja: bila oksijeni, ambu inafaa kweli? Ola Saugstad wa Norway na wenzake walilinganisha hewa ya kawaida na oksijeni safi katika hospitali za nchi kadhaa, na mwaka 1998 walionyesha kwamba watoto waliopewa hewa ya kawaida hawakuwa katika hali mbaya kuliko wenzao. Mwaka 2010 mwongozo wa kimataifa ukabadilika: mtoto aliyetimiza miezi yake, anza na hewa ya kawaida. Kwa sentri ya afya isiyo na umeme, hiyo ni habari kubwa. Hewa ya kuanzia ipo tayari ndani ya chumba.

Mwaka huo wa 2010 pia yalitoka matokeo ya utafiti wa nchi sita, na Kongo yetu ilikuwa ndani. Wakunga, wauguzi na wazalishaji wa kienyeji walifundishwa kumhudumia mtoto mchanga. Vifo vya wiki ya kwanza havikushuka kwa kiasi cha kuhakikisha. Lakini idadi ya walioandikwa "amezaliwa amekufa" ilishuka kutoka 23 mpaka karibu 16 kwa kila 1,000. Soma mara mbili. Maana yake, yaelekea baadhi ya wale waliokuwa wakifunikwa kitambaa walikuwa bado na moyo unaopiga. Walikosa tu mtu wa kuwapa pumzi.

Sasa tuvuke ziwa. Familia nyingi za Fizi zinaijua Tanzania, maana toka 1996 ndugu zetu wengi wamekaa katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma. Huko Tanzania, toka 2009, programu iitwayo Helping Babies Breathe ilijaribiwa katika hospitali 8: mwanasesere wa kufanyia mazoezi, ambu, maski, na kanuni moja, kwamba mtoto asiyepumua awe amepata hewa kabla ya dakika moja kuisha. Matokeo yaliyotoka 2013 yalionyesha vifo vya siku ya kwanza vimepungua kwa 47 kwa 100.

Lakini hospitali ya Haydom, kaskazini mwa nchi hiyo, ilituachia funzo chungu zaidi. Watafiti walikaa chumba cha kuzalia, saa mkononi, kabla na baada ya mafunzo ya siku moja. Mbele ya mwanasesere, wafanyakazi walifanya vizuri sana. Mbele ya mtoto wa kweli, karibu hakuna kilichobadilika. Na muda unauma: hapohapo Haydom waliona kwamba kila nusu dakika ya kuchelewa kuanza ambu iliongeza hatari ya mtoto kufa au kulazwa kwa 16 kwa 100.

Wakabadilisha namna. Mwanasesere aliwekwa palepale materniti, na mazoezi yakawa ya dakika 3 mpaka 5, kila wiki, kazini. Matokeo ya 2015: vifo vya saa 24 za kwanza vilishuka kutoka 11.1 mpaka 7.2 kwa kila 1,000.

Sisi watu wa kilimo jambo hili tunalijua. Mkulima ukimwita ukumbini siku moja kumweleza mozaiki ya mihogo, atakula, atapewa nauli, atapigwa picha, na msimu ujao atapanda vijiti vilevile vyenye ugonjwa. Ndiyo maana toka 1989, kuanzia Indonesia, FAO ilileta shamba-shule: watu walewale, shamba lilelile, kila wiki. Mkono haujifunzi kwa siku moja.

Kwetu Lulimba swali hili si la vitabuni. Mwisho wa 2020, MSF ilitangaza kuondoka katika Fizi baada ya wafanyakazi wake kushambuliwa na watu wenye silaha. Ilikuwa imefanya kazi Fizi toka 2003. Mfadhili anakuja, mfadhili anaondoka. Muuguzi naye anahamishwa. Kinachobaki ni mazoea ya nyumba.

Sisemi kwamba mazoezi yanamaliza yote. Mtoto aliyefufuka bado anahitaji joto, oksijeni akichoka, na mtu wa kumwangalia usiku. Mama anahitaji upasuaji kwa wakati, na muuguzi anahitaji mshahara. Lakini dakika tano za Jumatatu, kabla ya kubadilishana zamu, hazingoji mradi. Zinahitaji ambu ya watoto wachanga iliyooshwa na kupimwa, maski mbili za saizi zao, mwanasesere mmoja, na mtu mwenye jina anayejibu: leo nani amefanya, nani bado.

Basi wandugu, wale kati yetu wanaoandika miradi ya zoni za afya, tuache kujaza tu mstari wa "watu 40 wamepata mafunzo". Tuongeze mstari wa pili: miezi sita baadaye, wangapi bado wanafanya mazoezi kila wiki? Mfadhili asipouliza, tuulize sisi.