Kidonda kilichowakuta wakimbizi Kinyara

Juni 2019, Ebola ilipovuka Mpondwe ikafika hospitali ya Bwera, sisi tuliotoka Kongo tulitazamwa sokoni kama kwamba kila mmoja wetu kaibeba mfukoni. Ndiyo maana leo nataka tuongee Kinyara.

Miaka ya 1960 wakimbizi wa Rwanda walipewa ardhi Kinyara, huko Bunyoro, karibu na mto Nile. Wakiwa pale, vidonda vikaanza. Kwanza ni kivimbe kidogo chini ya ngozi. Hakiumi, homa hakuna. Sasa nani atapanga foleni hospitali kwa kitu kisichouma? Baadaye ngozi inapasuka, na chini yake nyama imeoza kuliko inavyoonekana juu. Bakteria wake wanatoa sumu inayoua mafuta na ngozi na kuzima maumivu. Wataalamu waliitambua 1999 tu. Kilichokufa kinakuwa cheupe-manjano kama pamba iliyolowa, kinaachana polepole na nyama nzima, kinadondoka. Ugonjwa ukifika mfupani ni mbaya zaidi: kipande cha mfupa kinakufa, kinajitenga na mfupa mzima, kinabaki ndani kama kijiti. Usaha hauishi mpaka daktari akitoe.

Madaktari waliojiita Uganda Buruli Group walienda kuchunguza, wakachapisha matokeo 1971. Watoto ndio waliougua sana, na waliokaa karibu na mto. Wakimbizi walipohamishiwa kwingine, wagonjwa wapya wakaisha.

Hapo ndipo pa kuangalia vizuri. Ugonjwa haukuja na mikeka yao, waliukuta. Daktari Albert Cook alishaandika kuhusu vidonda vya namna hiyo Mengo mwaka 1897, kabla hata babu zao hawajajua watakimbia. Na jina lenyewe, kidonda cha Buruli, limetoka kaunti ya Buruli, Nakasongola ya leo, si kambini. Wala haukupati kwa kushikana mikono na mgonjwa.

Siku hizi kuna dawa: rifampisini na klarithromaisini, wiki 8, na kivimbe kikiwahiwa mara nyingi hata kisu hakihitajiki. Watu wa Kinyara hawakuwa nazo. Wao tiba ilikuwa kukatwa nyama iliyokufa na kubandikwa ngozi iliyotolewa sehemu nyingine ya mwili, na waliochelewa walibaki na kiwiko au goti lililojikunja, lisilonyooka tena.