KIBANDA CHA POMBE NYUMA YA NYUMBA: KILIKOTOKA NA HATARI ZAKE

  

Leo tutazungumza juu ya kijumba ambacho wengi wetu tunakijua lakini hatupendi kukitaja. Ni kile kibanda cha mabati au cha nyasi kilicho nyuma ya nyumba, kando ya migomba au karibu na mto, ambamo pombe hupikwa. Kuna waliosomeshwa na kibanda hicho, na kuna waliofiwa kwa sababu yake. Tukitaka kuwalinda watoto wetu, yafaa tujue kilitoka wapi na kilibadilika vipi.

Zamani: pombe yenye masharti

Kutengeneza pombe nyumbani si jambo jipya katika nchi yetu. Magharibi, Waluhya walitengeneza busaa. Mama aliloweka wimbi hadi likachipuka, kisha akalianika na kulisaga. Unga huo ndio kimera. Unga mwingine wa nafaka uliokandwa na kuachwa uchache ulikaangwa juu ya moto hadi ukawa rangi ya kahawia, ukachanganywa na kimera na maji, ukaachwa siku chache. Wazee waliketi kuuzunguka mtungi mmoja, kila mmoja na mrija wake mrefu.

Wakikuyu na Wakamba walitumia asali au maji ya miwa pamoja na tunda refu la mti wa muratina. Pwani, Wamijikenda waligema mnazi, na hadi leo tembo la mnazi lina nafasi yake katika posa na matanga.

Mama, angalia masharti yaliyokuwapo. Pombe ilikuwa na siku zake: harusi, tohara, mahari, au kuwashukuru majirani waliokuja kusaidia kulima. Watoto na vijana hawakuruhusiwa kuketi penye mtungi. Tena pombe yenyewe haikudumu. Ikikaa siku kadhaa ilikuwa chungu, ikamwagwa. Hatusemi kwamba zamani hapakuwa na walevi. Walikuwapo. Lakini aliyepika alijulikana, aliyekunywa alijulikana, na wazee waliweza kusema "basi".

Mjini: pombe yaanza kujificha

Serikali ya kikoloni ilipoanza kujenga miji, mambo yaligeuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 manispaa ya Nairobi ilifungua ukumbi wake wa pombe ya Waafrika huko Pumwani, na faida ikaingia katika mfuko wa manispaa. Mwanamke aliyepika pombe ya kuuza nyumbani kwake akawa mvunja sheria. Mwaka wa 1922 kiwanda cha Kenya Breweries kilianzishwa, lakini kwa miaka mingi Mwafrika hakuruhusiwa kisheria kununua bia yake ya chupa.

Hata hivyo kina mama hawakuacha. Wengi walifika mjini bila shamba, bila kazi na bila mume wa kuwasaidia. Katika miaka ya 1960 na 1970 akina mama wengi wa Mathare walilipa kodi ya nyumba na karo kwa kupika busaa. Askari walipokuja, mitungi ilimwagwa na mama akatozwa faini au akalala korokoroni. Akitoka, alirudi kupika ili alipe deni la faini ile ile.

Pipa lachukua nafasi ya mtungi

Busaa ni vigumu kuificha. Inahitaji nafasi, siku nyingi na vyombo vikubwa, na harufu yake hufika barabarani. Chang'aa ni tofauti. Pombe iliyochacha huchemshwa ndani ya pipa, mvuke wake hupozwa kwa maji baridi, na matone yake hukusanywa. Mjini Nairobi ujuzi huo ulijulikana sana kwa Wanubi wa Kibera, na kinywaji kikaitwa jini ya Wanubi. Chupa moja ya chang'aa ina ukali wa chupa nyingi za busaa, na inaweza kufichwa chini ya leso.

Mwaka wa 1980 Bunge lilipitisha sheria ya kupiga marufuku chang'aa. Kupika, kuuza hata kuwa nayo likawa kosa. Chang'aa haikuisha. Ilihamia kwenye vichaka na mabonde, na ikaingia mikononi mwa watu waliotaka faida ya haraka. Kwa kuwa ilifichwa, hakuna aliyeipima wala kukagua pipa lake, na mnywaji hakujua imechanganywa na nini.

Vifo vilivyotufundisha

Hapa ndipo penye jambo kubwa la leo. Mama akipika nafaka au sukari vizuri, kileo kinachotoka kwa wingi ni ethanoli. Kemikali nyingine, iitwayo methanoli, hutumika viwandani. Haina rangi, na ikichanganywa na pombe huwezi kuitambua kwa kuonja, kwa kunusa wala kwa kuiwasha moto. Wauzaji wengine huiongeza ili pombe iwe kali na nyingi. Ikiingia mwilini hugeuka sumu inayoharibu macho na kuua.

Mwezi wa Novemba 2000, zaidi ya watu 130 walifariki Nairobi, hasa katika mitaa ya Mukuru, baada ya kunywa pombe ya bei rahisi iliyoitwa kumi kumi. Wengine walipona lakini hawakuona tena. Mwaka wa 2005 makumi walifariki huko Machakos. Mwezi wa Mei 2014 zaidi ya 80 walifariki katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu na Kiambu. Mwezi wa Februari 2024 msiba kama huo uliikumba Kirinyaga.

Katikati ya misiba hiyo, mwaka wa 2010, sheria mpya ya kudhibiti vileo iliondoa marufuku ile ya 1980. Chang'aa ikaruhusiwa, lakini kwa mwenye leseni, kwa viwango vilivyowekwa, na katika chupa yenye maonyo. Kumuuzia aliye chini ya miaka 18 kukawa kosa. Vibanda vingi vya nyuma ya nyumba haviwezi kutimiza masharti hayo, kwa hiyo vingi vimebaki mafichoni, na hatari imebaki navyo.

Mtoto na kibanda

Hata pale ambapo hakuna methanoli, kibanda si mahali pa mtoto. Maji ya moto na pipa huunguza. Moshi wa siku nzima huumiza mapafu ya mchanga anayebebwa mgongoni. Na kuna desturi ya kumwonjesha mtoto busaa ili alale. Tafadhali, tuiache. Pombe kidogo tu inaweza kushusha sukari katika damu ya mtoto, akalegea, akapoteza fahamu. Kwa mama mjamzito, pombe hupita na kumfikia mtoto tumboni, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama.

Lakini si kila kitu cha kibanda ni cha kutupwa. Kile kimera cha wimbi kina faida kubwa kwa mtoto. Katika miaka ya 1980 wataalamu wa lishe nchini Tanzania walionyesha kwamba ukitia unga kidogo wa kimera katika uji mzito, uji hulainika bila kuongezwa maji. Mtoto aliyeanza kula anaweza kumeza uji wenye nguvu zaidi kwa tumbo lake dogo. Pika uji mzito, uache upoe kidogo, tia kijiko cha kimera kisafi, koroga hadi ulainike, kisha uchemshe tena kabla ya kumpa. Hiyo ni hekima ya nyanya zetu, na haimlevyi mtu.

Mambo ya kukumbuka

1. Aliyekunywa pombe akaumwa na kichwa, akatapika, akaumwa na tumbo au akaona ukungu machoni, mpeleke hospitali mara moja. Dalili zinaweza kuchelewa hata siku nzima, kwa hiyo usimwache alale ukidhani ni ulevi tu.
2. Usimtapishe, na usimpe pombe nyingine nyumbani. Dawa ya methanoli hutolewa hospitalini.
3. Mtoto akinywa pombe, hata kidogo, mpeleke kituo cha afya bila kungoja.
4. Usiweke pombe katika chupa ya soda au ya maji. Mtoto hajui tofauti.
5. Mtoto akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20. Usipake mafuta wala dawa ya meno. Kisha mpeleke kituo cha afya.
6. Pipa lililobeba kemikali lisitumiwe kwa kitu chochote cha kuliwa au kunywewa.
7. Kama wewe au mtu wa nyumbani kwako ameshindwa kuacha pombe, piga simu bila malipo kwa NACADA, nambari 1192.

Na wewe mama unayetegemea kibanda hicho kulipa karo, hatukuhukumu. Historia inaonyesha ni shida iliyokuingiza huko. Zungumza na kikundi chako cha kina mama juu ya kazi nyingine mnayoweza kuianza pamoja. Na kama una kimera nyumbani leo, basi kianze na uji wa mtoto.