Sunburst, Bendi ya Baba Mdogo

Nyumbani kwetu Pasua tulikuwa na mzaha mmoja wa kifamilia. Baba mdogo, ambaye miaka ya sabini alifanya kazi kiwanda cha nguo cha Urafiki, Dar es Salaam, alikuwa akishapata mbege kidogo anaanza habari za bendi aliyoiita "Sanibasti". Alisema gitaa lao lilikuwa linalia kama paka aliyekanyagwa mkia, mwimbaji anapiga kelele kama Mmarekani, na katikati ya huo moto zinaingia ngoma za kwetu kabisa. Sisi watoto tulijua bendi za zamani ni zipi, maana redio ilitufundisha: Mlimani Park, Msondo, Vijana Jazz, Marijani Rajabu. Sanibasti haikuwemo. Basi ikawa mtu yeyote pale nyumbani akitia chumvi kwenye stori tunamwambia, "Aisee, hiyo nayo ni Sanibasti." Mzee alikuwa anacheka na sisi. Sasa hivi nikikumbuka sidhani kama alikuwa anafurahia.

Mwaka 2016 nilikuwa Dar, naandika habari za burudani, nikaona kwamba lebo moja ya London inayoitwa Strut imetoa rekodi zote za bendi ya Kitanzania, Sunburst, za kuanzia 1973 hadi 1976. Nilisoma lile jina mara tatu kichwani kwa Kiingereza. Nilipolitamka kwa sauti, kwa Kiswahili cha mtu wa kiwandani, ndipo nikashtuka. Niseme ukweli, niliona aibu. Mtu mzima, nalipwa kuandika habari za muziki, na bendi ambayo mzee wa Pasua amenieleza tangu nikiwa darasa la nne naletewa na Waingereza.

Sunburst ilianza Dar es Salaam mwanzoni mwa miaka ya sabini. Mbele alisimama James Mpungo, mwimbaji. Gitaa alipiga Hembi Flory Kongo, aliyetoka Zaire. Besi ilikuwa ya Bashir Idi Farhan, dramu za Johnny Rocks Fernandes, na kinanda cha Kassim Magati. Hayo majina tu yanakuonyesha Dar ya wakati ule ilikuwa mji wa namna gani. Muziki wao waliupa jina lao wenyewe: Kitoto Sound. Ndani yake kuna roki, kuna soul na fanki ya Marekani, kuna jazi kidogo, na chini yake ngoma. Ukiuweka kando ya dansi tuliyoizoea, ile ya magitaa matatu yanayosukana taratibu hadi yafike kwenye kuchemka, utaona hawa hawasubiri kuchemka. Wanaanza wakiwa wamechemka.

Ili uelewe walivyokuwa wanacheza na moto, inabidi urudi nyuma kidogo, hadi 1969. Januari mwaka ule Umoja wa Vijana wa TANU ulianzisha Operesheni Vijana: sketi fupi, mawigi na suruali za kubana vikapigwa marufuku mjini. Mwishoni mwa mwaka huohuo serikali ya mkoa ikapiga marufuku na muziki wa soul Dar es Salaam. Sababu ilikuwa kwamba unaharibu utamaduni na unawapotosha vijana. Sasa fikiria, haujapita muda mrefu wanatokea vijana wenye jina la Kiingereza, gitaa limepitishwa kwenye kibonyezo cha kulifanya lilie, mwimbaji ana koo la James Brown. Kwa hesabu za kawaida hao ni wa kufungiwa.

Lakini sikiliza wanachoimba. Kuna "Enzi za Utumwani". Kuna "Black Is Beautiful". Albamu yenyewe inaitwa Ave Africa. Yaani vitu vilevile ambavyo wanasiasa walivisema jukwaani, Uafrika, heshima ya mtu mweusi, kumbukumbu ya utumwa, wao wanavisema kwa sauti ambayo wanasiasa hawakuitaka. Mimi nadhani hapo ndipo ulipo ukubwa wa Sunburst, na hapohapo ndipo ilipo shida yao. Wakubwa walisema utamaduni ni ngoma, vijana wakasema ni soul. Hawa walijibu kwamba ni vyote, kwenye wimbo mmoja. Mtu wa namna hiyo hana kwao.

Sio kila kitu chao ni dhahabu. Nyimbo za Kiingereza kama "Let's Live Together" zina maneno mepesi ya amani na upendo ambayo kila bendi ya dunia iliyaimba wakati ule. Wakigeukia Kiswahili mambo yanabadilika. Kwenye "Enzi za Utumwani" Mpungo hapambi kitu, na bendi nayo inamwachia nafasi. Kama una dakika chache tu za kuwapa, anzia hapo.

Kwa nini basi nilikulia Tanzania nisiwajue? Jibu la haraka ni kwamba watu hawakuwapenda, na si kweli. Baba mdogo aliwapenda, na hakuwa msomi wala mtoto wa kishua. Jibu la kweli linahusu nani alikuwa na vyombo na nani alitengeneza santuri.

Bendi nyingi tunazoziita zilipendwa zilikuwa na baba. NUTA Jazz, ambayo ndiyo Msondo ya leo, ilikuwa ya chama cha wafanyakazi. Vijana Jazz ilikuwa ya Umoja wa Vijana. Polisi walikuwa na yao, Magereza yao, JKT yao. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, mwanamuziki analipwa mshahara, gitaa likifa kuna ofisi ya kupeleka barua. Bendi ya roki isiyo ya jeshi wala chama ilipaswa kujitafutia amplifaya katika nchi ambayo fedha za kigeni zilikuwa za kuhesabu. Na muziki huu, tofauti na dansi, bila umeme na vyombo vizuri haupo. Rumba unaweza kuipiga kwa magitaa mawili ya kuazima ikaeleweka. Sunburst bila amplifaya ni watu wanapiga kelele.

Halafu santuri. Bendi zetu zilirekodi Radio Tanzania, lakini santuri zilitengenezwa Nairobi. Sisi watu wa Moshi hili tunalielewa kuliko wengine, kwa sababu kutoka Pasua hadi mpaka wa Holili ni chini ya saa moja kwa gari, na kila kitu kizuri cha utoto wa wazazi wetu kilipita pale au kwenye njia za panya pembeni yake. Februari 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ikiwa inavunjika, Tanzania iliufunga mpaka na Kenya. Haukufunguliwa hadi 1983. Sabuni ilipita kwa magendo. Santuri za bendi ambayo redio haiipigi, nani angehangaika nazo usiku porini?

Sunburst wenyewe walikuwa wameshaelekea kusini. Ave Africa ilitoka Zambia mwaka 1976, kwa lebo iliyobeba jina la muziki wao, Kitoto. Kule kulikuwa na wenzao: WITCH, Amanaz na bendi nyingine za ule muziki ambao leo dunia inauita Zamrock. Kaunda alikuwa ameagiza redio ipige zaidi muziki wa Wazambia, na vijana wa Zambia wakaitafsiri amri ile kwa magitaa yanayounguruma. Sunburst walifanana nao zaidi kuliko walivyofanana na mtu yeyote wa Dar. Ndiyo maana wakusanyaji wa santuri wa Ulaya, waliokuwa wakiitafuta Zamrock, wakakutana nao.

Na si wao peke yao. Patrick Balisidya wa Afro 70, Mgogo kutoka Mvumi, ambaye "Harusi" yake bado inapigwa kwenye sherehe hadi leo, alirekodi Bado Kidogo mwaka 1979 huko Sweden pamoja na bendi ya roki ya kule, Archimedes. Tunamjua Balisidya wa harusini. Balisidya wa roki yuko Sweden. Mtu akitaka kuandika historia ya roki ya Tanzania inabidi awe na pasipoti.

Desemba ile ya 2016 nilipanda basi kwenda nyumbani Krismasi, kama kila mtu wa Kilimanjaro. Nilikuwa na albamu kwenye simu na spika ndogo ya kuchaji. Sikumwambia kitu. Baada ya chakula, wazee wako uani na mbege yao, nikabonyeza. Mazungumzo yaliendelea kidogo, halafu baba mdogo akanyanyua mkono, ule mkono wa kunyamazisha watoto. Alisikiliza wimbo mzima amegeuza sikio. Ulipoisha hakusema "nilikwambieni". Alisema, "Rudia."

Nilirudia. Kisha akaniuliza zile picha za bendi zikoje, nikamwonyesha jalada kwenye simu, akaivuta karibu na macho mpaka mwanga ukamkera.

"Shikamoo baba," nikamwambia, kwa maana ya kuomba radhi. Alielewa.

"Marahaba, mwanangu. Niwekee kwenye memori kadi."

Kesho yake asubuhi, kabla watu hawajakwenda kanisani, redio yake ndogo ilikuwa inaunguruma hadi barabarani. Jirani alichungulia kwenye ua akauliza hao ni Wazungu gani tena. Baba mdogo akajibu kwamba si Wazungu, ni watu wa Dar es Salaam, wanaitwa Sanibasti.

"Sunburst," nikasahihisha, mwandishi mimi.

Akanitazama. "Wewe ulikuwepo?"